Kati ya "hajui" na "hajajua": mwalimu mkuu na mabadiliko

Kila shule zinapofunguliwa Januari, wakuu wa shule zetu huwa na jambo jipya mezani ambalo wameagizwa walitekeleze. Mwaka 2016 lilikuwa elimu bila ada. Mwaka 2022 lilikuwa kuwapokea tena wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua, baada ya serikali kuliondoa katazo hilo Novemba 2021. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya mitaala mipya. Waraka husomwa, kikao cha walimu huitishwa, na kesho yake kazi huanza. Baada ya mwaka mmoja ukizitembelea shule mbili za kata moja, zilizopokea waraka uleule na fedha zinazolingana, utakuta moja imesonga mbele na nyingine ingali inalalamika. Kwa nini?

Juma hili nimeamua kulitafuta jibu katika historia. Tena ni historia ambayo mimi mwenyewe nina deni nayo, na ni vema niliseme deni hilo mapema.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Katika matokeo yale ya awali, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi nzima ilitaharuki, na Waziri Mkuu akaunda tume. Mimi nami nilikuwa na kipindi changu redioni, nikaketi mbele ya kipaza sauti nikamtafuta mchawi. Nikasema kwamba mzizi wa yote ni walimu wa UPE, wale waliochukuliwa wakiwa na elimu ya darasa la saba wakafundishwa kufundisha. Nikaongeza ule utani wa mitaani, kwamba UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Fundi mitambo alicheka nyuma ya kioo, nami nikaona nimesema jambo la maana.

Jioni mama alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Sauti yako imetulia siku hizi. Ila huyo uliyekuwa ukimsema ni mimi."

Mama yangu alikuwa mwalimu wa UPE, na siku ile alikuwa bado kazini. Nilikuwa nalijua hilo tangu nikiwa mtoto. Nililisahau studioni kwa sababu utani ulikuwa mtamu.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu, hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kufungua mdomo. Mtoto aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012, kama hakurudia darasa, alianza darasa la kwanza mwaka 2002. Huo ndio mwaka ulioanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, baada ya ada kufutwa mwaka 2001. Madarasa yalifurika. Kutoka wanafunzi wapatao milioni 4.4 mwaka 2000, shule za msingi zilikuwa na zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Watoto wale wakaingia sekondari za kata zilizojengwa kwa haraka, nyingi zikiwa na walimu wachache mno. Kumtwika mama yangu mzigo wote ule hakukuwa uchambuzi. Ulikuwa uvivu wa mwandishi wa habari.

Sasa turudi nyuma.

Enzi za mkoloni shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kupata shule alisoma miaka minne, kisha akakutana na mtihani wa darasa la nne. Mtihani ule ulikuwa chujio. Wachache walipita wakaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane. Waliobaki walirudi nyumbani na sifa moja ya kudumu: "Huyu alifeli la nne." Nimewahi kumsikia mzee mwenye wajukuu akitambulishwa hivyo kwenye kilabu cha pombe, nusu karne baada ya mtihani.

Chini ya mfumo ule kulikuwa na imani fulani, hata kama haikuandikwa popote. Imani hiyo ilisema kwamba akili ni kama kimo, kila mtu amekadiriwa chake, na kazi ya shule ni kupima tu nani mrefu na nani mfupi. Na sisi wenyewe tulikuwa na misemo ya kuiunga mkono. Tulisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na ng'ombe wa maskini hazai.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulikuwa na wanafunzi wa shule za msingi karibu nusu milioni. Utengano wa rangi shuleni ulifutwa kuanzia mwaka 1962. Katikati ya miaka ya 1960 darasa la nane lilianza kuondolewa, shule ya msingi ikawa ya miaka saba. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, ni 13 hivi tu ambao wangepata nafasi ya sekondari. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, kwa kuwa shule iliyopangwa kwa ajili ya wale wachache huwaacha walio wengi wakijiona wameshindwa. Mapema miaka ya 1970 chujio la darasa la nne likaachwa, na mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa.

Halafu likaja jambo kubwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe Novemba 1977. Miaka 15 ikawa mitatu. Mwaka ule wa Azimio shule za msingi zilikuwa na wanafunzi kama milioni 1.2. Mwaka 1978 walikuwa wanakaribia milioni 3.

Walimu wa kuwafundisha watoto hao wangetoka wapi? Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda ule. Ndipo serikali ikawageukia vijana waliomaliza darasa la saba. Walipelekwa moja kwa moja shuleni, wakawa wanafundisha huku wanafundishwa. Mafunzo yalichukua miaka mitatu: masomo yaliyotumwa kwa posta, vipindi vya redio, usimamizi hapohapo shuleni, na mwisho wiki chache chuoni na mtihani. Zaidi ya vijana 45,000 waliandikishwa katika mpango huo, na karibu 38,000 walifuzu.

Tukizungumzia UPE, sisi waandishi hupenda kumzungumzia Mwalimu Nyerere kwa upande mmoja, na yule kijana wa darasa la saba kwa upande mwingine. Kati ya hao wawili alikuwapo mtu tunayemsahau. Naye ni mwalimu mkuu.

Hebu jiweke mahali pake. Ni mwaka 1976. Umesomea ualimu chuoni, umefundisha miaka 15, unaheshimika kijijini. Shule yako ina madarasa manne na walimu watano. Asubuhi moja unaletewa wanafunzi mara mbili ya uliokuwa nao, na pamoja nao unaletewa vijana watatu wa miaka 17, ambao mmoja wao ulimchapa viboko mwaka juzi kwa kuchelewa namba. Unaambiwa hao ni walimu wenzako, na wewe ndiwe utakayewafanya wawe walimu kweli. Ungefanyaje?

Mama alipitia mikono ya walimu wakuu wawili katika miaka yake mitatu ya mafunzo, katika shule moja ya kijijini mkoani Tanga. Shule siitaji, na majina yao nayaacha.

Wa kwanza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, na shamba la shule lilikuwa safi. Lakini alikuwa ameshaamua. Aliwaambia vijana wale siku ya kwanza kwamba aliyeishia la saba hawezi kumfikisha mtu la saba. Akawapa darasa la kwanza na la pili, kwa sababu aliona huko hakuna cha kuharibu. Bahasha za masomo zilipofika kwa posta zilikaa kabatini. Redio ya shule ilikaa nyumbani kwake. Mama anasema kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyeingia darasani kwake kuona anafanya nini. Naye akaanza kufanana na alivyotabiriwa: anaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia, wanatoka.

Wa pili alikuja mwaka 1978. Alikuwa mzee kuliko wa kwanza, amesoma enzi za mkoloni, na kwa hesabu ya kawaida ndiye angestahili kuyapinga mabadiliko zaidi. Juma la kwanza alitoa bahasha kabatini, akazipanga kwa tarehe. Redio akairudisha ofisini. Kila alasiri ya kipindi cha walimu aliwakusanya wale vijana, wakasikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, kisha wakabaki nusu saa wakijadili. Mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa na daftari, akiandika. Mama aliniambia jambo lililowashangaza kuliko yote ni kumwona mwalimu mkuu akiandika notisi kama mwanafunzi.

Aliingia madarasani pia. Alikaa kwenye dawati la nyuma, akatoka bila kusema kitu mbele ya watoto. Alasiri alimwita mwalimu akamwuliza swali moja au mawili: "Yule mtoto wa dirishani, uligundua alikwama wapi? Kesho utaanzia wapi?"

Lakini kilichobaki kichwani mwa mama mpaka leo ni jambo la daftari la maendeleo. Mwisho wa muhula alikuwa ameandika mbele ya majina ya watoto kadhaa: "Hajui kusoma." Mzee alilirudisha daftari lile. Alimwambia, "Mwalimu, hapa umefunga mlango. Andika: hajajua kusoma. Halafu andika umefanya nini, na utafanya nini muhula ujao." Mama aliyarekebisha majina yote, moja baada ya jingine. Anasema alipofika jina la nne aliona aibu, kwa sababu pale kwenye "nimefanya nini" hakuwa na cha kuandika.

Hajui na hajajua. Ni silabi moja tu, lakini ya kwanza ni hukumu na ya pili ni taarifa ya safari. Na mzee yule alitumia kipimo hichohicho kwa walimu wake. Kwake wale vijana hawakuwa watu wasiojua kufundisha. Walikuwa hawajajua.

Wataalamu wa siku hizi wamelipa jambo hili jina lao. Profesa Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa kitabu mwaka 2006 akitofautisha watu wanaoamini kwamba uwezo wa mtu umekwisha kukadiriwa na wale wanaoamini kwamba uwezo hukua kwa juhudi, mbinu na msaada. Naye husisitiza neno lililo sawa na "bado" yetu. Lakini wazo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Alfred Binet, aliyetengeneza mwaka 1905 kipimo cha akili ambacho wengine walikigeuza kuwa chujio, alikusudia kiwatambue watoto wanaohitaji msaada. Mwaka 1909 aliandika kuwapinga waliodai kwamba akili ya mtoto haiongezeki.

Hapana budi niseme na upande wa pili, maana imani peke yake haijengi choo cha shule. Utafiti mkubwa uliofanywa katika sekondari za Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kuwafundisha wanafunzi somo hili la akili kukua kulileta faida ndogo kwa waliokuwa nyuma kimasomo, na faida ilionekana zaidi pale ambapo mazingira ya shule yaliiunga mkono. Zingatia maneno hayo: mazingira ya shule. Kubandika ukutani bango linalosema "Kila mtoto anaweza" huku ofisi ya mwalimu mkuu inasema vingine ni kupoteza gundi.

Na sisi wenyewe tuliliona hilo. UPE ilipanda, kisha ikashuka. Vita dhidi ya Idi Amin ya mwaka 1978 hadi 1979, bei ya mafuta na kuanguka kwa uchumi viliacha shule bila vitabu na walimu bila mishahara ya kutosha. Mapema miaka ya 1980 karibu watoto wote wa umri wa shule walikuwa wameandikishwa. Katika miaka ya 1990 uandikishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya asilimia 80. Nakumbuka nikiwa darasa la sita tukirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa UPE, na mama, ambaye ni mwalimu wa shule ileile, akisubiri mshahara uliochelewa ili alipe mchango wa mwanawe. Mwalimu mkuu hodari kuliko wote hawezi kuligeuza jiwe kuwa kitabu. Anayesema mwenye moyo wa kukua hahitaji bajeti anatafuta njia ya kukwepa bajeti.

Lakini pia si kweli kwamba kazi ile ilipotea. Mwaka 1989 taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu iliyoko Paris ilichapisha utafiti uliowalinganisha walimu wetu waliofundishwa vyuoni na wale waliofundishwa kazini kwa posta na redio. Haukukuta kati yao pengo kubwa kama ambavyo ule utani wa mitaani ungetufanya tuamini. Mama mwenyewe alifuzu mwaka 1979. Wakati wa MMEM, akiwa na miaka zaidi ya 40, alijiendeleza hadi Daraja A, akisoma usiku kwa taa ya chemli mezani pamoja na watoto wa jirani. Alistaafu mwaka 2019.

Sasa turudi kwenye lile swali la shule mbili za kata moja. Waraka huandikwa wizarani, lakini mabadiliko huamuliwa katika ofisi yenye kabati bovu na saa iliyosimama ukutani. Mwalimu mkuu ndiye anayeamua bahasha ikae kabatini au ifunguliwe. Ndiye anayeamua redio ikae kwake au kwa walimu. Na kabla hajaamua hayo, huwa ameshaamua jambo moja kubwa zaidi: je, hawa walioletwa kwangu, walimu na watoto, wamekwisha kuwa walivyo, au wako njiani?

Kwa hiyo mkuu wa shule unayesoma safu hii, mitaala mipya inapokufikia, naomba ufanye mambo matatu tu aliyoyafanya mzee yule bila semina wala posho. Kwanza, jifunze mbele ya walimu wako. Wakikuona na daftari hawataona haya kuuliza. Pili, ingia darasani ukakae nyuma, na ukitoka uliza swali kabla ya kutoa hukumu. Tatu, fungua daftari la maendeleo uone ni mara ngapi limeandikwa "hajui". Binti aliyerudi na mtoto mgongoni, kijana anayesoma fani kwa mara ya kwanza, mwalimu wa ajira mpya anayetetemeka mbele ya wanafunzi 90, wote hao hawastahili silabi ile ikosekane.

Nanyi wazazi mlio kwenye kamati za shule, msimwache peke yake. Mwalimu mkuu anayejaribu jambo jipya hukosea, na akikosea mara moja sisi huwa wepesi wa kwenda kwa ofisa elimu kuomba aondolewe. Tunataka mtoto apewe muda wa kujifunza, lakini mwalimu wake tunamnyima.

Nilipomaliza kuyaandika haya nilikwenda kumsomea mama kabla sijayapeleka hewani, maana safari hii sikutaka asikie redioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atasema nimelipa deni. Badala yake aliniuliza, "Na yule Mwalimu Mkuu wa kwanza, mbona umemwacha pale pale?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwa amewahi kuniambia. Mwaka 1983 walikutana kwenye semina mjini, yeye na yule mwalimu mkuu wa kwanza. Mama alikuwa amebeba kadi za namba alizozitengeneza kwa maboksi ya sabuni, za kufundishia hesabu darasa la kwanza. Wakati wa chai mzee yule alimfuata, akazishika kadi zile, akazigeuza moja moja. Kisha akamwomba amwonyeshe zinavyotumika, kwa kuwa shuleni kwake watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanamshinda. Wakakaa chini ya mwembe, mama akamfundisha.

"Usimwandike kama umemaliza naye," mama aliniambia. "Alikuwa hajajua."

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.